Punda Hanung'uniki

Farasi hatapiki. Punda naye hatapiki. Sentensi hizi mbili nilizitamka mbele ya Kidato cha Kwanza wakati wa mazoezi ya kufundisha muhula uliopita, nikaendelea zangu na mmeng'enyo wa chakula kana kwamba nimetaja jambo dogo. Kitabu kilikuwa kinanisubiri kwenye ng'ombe na matumbo yake manne, na dakika 40 si nyingi. Lakini msichana mmoja wa dawati la mbele akainua mkono na kuuliza, "Mwalimu, sasa akila kitu kibaya kitatokea wapi?" Darasa likaangua kicheko. Nilimwambia swali lake ni zuri na kwamba tutalirudia, ile njia yetu walimu wanafunzi ya kukimbia, halafu nikaandika ubaoni neno "utumbo" na kusonga mbele.

Hiki ndicho kipindi nilichokuwa na deni nacho. Nimekileta kwenye jarida letu kwa sababu makomredi wengi tunatoka nyumba ambazo mnyama fulani ndiye aliyesaidia kulipa karo bila kelele, na sisi wa kitivo cha elimu tutapelekwa kufundisha mahali ambapo punda ndiye lori. Nataka kueleza msokoto wa tumbo wa farasi na punda, unavyotokea, unavyotambulika, na la kufanya kabla daktari hajafika. Sehemu ya somo hili nimeipata vitabuni. Sehemu kubwa niliipata nyumbani Matondoni, kisiwani Lamu, kwenye banda letu, kwa punda wawili. Mmoja tulimpoteza.

Tuanze na swali la yule msichana. Tumbo la farasi ni dogo kwa mnyama wa kimo kile. Hubeba kiasi cha lita 8 hadi 15 tu, na la punda ni dogo zaidi. Ng'ombe, tukilinganisha, tumbo lake la kwanza peke yake linaweza kupita lita 100. Ndiyo maana ng'ombe hula kwa pupa kisha akaenda kulala kivulini na kucheua. Farasi na punda hawacheui. Wameumbwa wale kidogo kidogo mchana kutwa na sehemu kubwa ya usiku, chakula kipite tumboni upesi. Pale umio unapoingia tumboni pana msuli wa mviringo wenye nguvu sana, kama mdomo wa mfuko uliokazwa kwa kamba: chakula hushuka, hakipandi. Mimi na wewe tukila samaki aliyeoza tutatapika na kupata nafuu. Farasi tumbo lake likijaa gesi au maji likafura, hana mlango wa dharura. Linaweza kupasuka, na likipasuka hakuna tena la kufanya.

Kwa hiyo jibu ni kwamba kitatokea nyuma, au hakitatoka. Na njia ya nyuma ni ndefu. Utumbo mwembamba wa farasi hupita mita 20. Baada yake huja utumbo mpana, na hapo ndipo penye kiwanda. Nyasi ngumu, mabua, majani makavu, vyote huchachushwa na vijidudu visivyohesabika, katika mfuko mkubwa ulio mwanzoni mwa utumbo mpana na katika sehemu inayoufuata. Kazi ambayo ng'ombe huifanya mwanzo wa safari, punda huifanya mwisho. Utumbo huo umekunjwakunjwa ili utoshe ndani, na kwenye kona moja karibu na nyonga unapinda ghafla na kuwa mwembamba. Fundi wa mabomba ukimwonyesha mchoro huu atakwambia mapema pataziba wapi.

Tunasema "msokoto wa tumbo", na wazee wa pwani wengine husema "chango". Kwa vyovyote si jina la ugonjwa mmoja. Ni jina la maumivu, kama mtu anaposema kichwa kinamuuma, na sababu zake hazifanani. Kuna gesi iliyonaswa baada ya mnyama kubadilishiwa chakula ghafla, labda amevamia gunia la mahindi. Kuna utumbo kukaza na kulegea ovyo, maumivu yanayokuja na kuondoka. Kuna kuziba, chakula kikavu kikakwama pale konani. Na kuna ile mbaya kuliko zote, utumbo kujipinda wenyewe hadi damu isipite. Hiyo dawa ya kunywesha haiiwezi. Inataka kisu, na pasipo kisu ni kumpumzisha mnyama asiteseke. Visa vingi si vya aina hii ya mwisho, na vingi hutengemaa kwa sindano ya maumivu, maji na uangalizi. Taabu ni kwamba ukiwa umesimama nje ya mnyama, saa ya kwanza vyote vinafanana.

Huko kwetu sababu hazitafutwi mbali. Punda wa Lamu akishatuliwa mzigo huachwa ajitafutie, na anachokikuta vichochoroni na majaani si nyasi tupu. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na kweli ile iliyokuwa ikipepea kwenye matawi imepungua. Lakini marufuku haikufukua iliyokwisha zikwa mchangani, wala haikugusa nyuzi za nyavu, kamba za nailoni na vipande vya magunia. Mfuko uliobeba embe hunuka embe, na punda hasomi gazeti la serikali. Mchanga nao una yake. Ukimmwagia punda pumba chini, atameza pumba na mchanga, na mchanga utatua utumboni kama unavyotua chini ya mtungi. Ongeza maji machache, minyoo, na meno. Meno nitayarudia, maana hayo ndiyo yaliyonishinda mimi mwenyewe kuyaona.

Punda wetu wa kwanza aliitwa Saburi. Nilikuwa Kidato cha Tatu. Alibeba mawe, mchanga, makuti na mitungi ya maji, na mtu mwenye jengo kijijini alimjua kwa jina. Jioni moja alirudi akasimama pembeni mwa banda, uso ukielekea ukuta, masikio yamelala. Hakula. Baba akasema, "Amechoka, mwacheni." Hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka yeye mwenyewe na alidhani kila aliyefanya kazi siku ile amechoka vilevile. Asubuhi tulimvisha shogi akakataa kutoka. Mimi ndiye niliyekuwa na fimbo. Nilimchapa mara mbili, akaenda. Alibeba mchanga safari tatu siku ile, bila kula, na mtu yeyote aliyetuona njiani aliona punda anayefanya kazi.

Usiku wa pili alilala chini akainuka, akalala tena. Ami akaja na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kupikia na chumvi kidogo, dawa ambayo kila nyumba kijijini imewahi kuitumia. Mimi nilishika kichwa nikakiinua juu. Ami akamimina. Saburi akakohoa, tukasema dawa inafanya kazi. Akakohoa tena usiku kucha. Siku ya tatu ndipo tulipopiga simu mjini. Daktari alipokuwa njiani tukampigia tena kumwambia arudi.

Nieleze kosa liko wapi, kwa sababu chupa ile bado ipo katika nyumba nyingi. Mnyama aliyeinuliwa kichwa na kumiminiwa kitu mdomoni hamezi kwa hiari yake. Kinachoteremka kinaweza kuingia kwenye koo la hewa badala ya umio, na mafuta yakishafika kwenye mapafu hayatoki. Yanawasha, mapafu yanavimba, na sasa una mgonjwa wa tumbo mwenye ugonjwa wa mapafu juu yake. Daktari wa mifugo humpa farasi au punda mafuta na maji kwa wingi, ni kweli, lakini hupitisha mpira mrefu puani hadi tumboni, na kabla hajamimina hata tone huhakikisha mpira haukuingia njia ya hewa. Tena mpira huo hufanya kazi ya pili ambayo chupa haiwezi. Kama tumbo limejaa maji na gesi, hutoka kwa mpira huo. Ndio mlango wa dharura ambao Mungu hakuuweka.

Tukumbuke pia kwamba hatukukosa pesa. Mjini Lamu pana hospitali ya punda tangu 1987, iliyofunguliwa na shirika la The Donkey Sanctuary la Uingereza, na matibabu yake ni bure. Tulichokosa ni kuona. Na hapa ndipo farasi na punda wanapoachana.

Farasi mwenye msokoto hukuonyesha. Hukwangua ardhi kwa kwato, hugeuza shingo akatazama ubavu wake, hujipiga teke tumboni, hutoka jasho, hujitupa chini na kugaragara. Vitabu vingi vimeandikwa juu ya farasi, kwa hiyo dalili zilizoandikwa ni hizo, na ukizisubiri kwa punda utazisubiri mpaka umzike. Punda mwenye maumivu hupoa. Anasimama peke yake, kichwa chini, masikio hayafuati sauti. Anaacha kula, au anatia majani mdomoni asitafune. Analala saa ambayo si yake ya kulala. Kujigaragaza kwa punda mgonjwa mara nyingi ni dalili ya mwisho, wakati mambo yameshaharibika. Watu humwita mvumilivu, wakimsifu. Mimi siku hizi neno hilo huniogopesha kidogo. Tulimwita Saburi kwa sababu hiyohiyo.

Kwa kuwa mnyama hasemi, inabidi ajulikane kwanza akiwa mzima. Hili ndilo ningeliweka juu kabisa ya andalio la somo kama ningekuwa nalifundisha. Punda mzima aliyepumzika moyo wake hupiga mara 44 hivi kwa dakika, wa farasi ni kati ya 28 na 44. Mshipa unapatikana chini ya taya, pale unapopita juu ya mfupa, au weka kiganja nyuma ya kiwiko cha mguu wa kushoto wa mbele. Yakipita 60 na hajafanya kazi wala hajashtuka, usingoje asubuhi. Inua mdomo utazame fizi: ziwe na rangi ya waridi, ziwe na unyevu. Bonyeza kwa kidole hadi paweupe, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Ikichelewa, damu haizunguki inavyopasa. Kisha weka sikio ubavuni, kushoto na kulia, juu na chini. Tumbo zima halinyamazi, lina ngurumo kama mashua inayosukumwa kwenye maji mafupi. Kimya ni habari mbaya. Na tazama mavi, jamani. Mangapi tangu asubuhi, makubwa au madogo, makavu, yamefunikwa utando? Mtu anayeona haya kuyatazama asifuge punda.

Tulikaa karibu mwaka bila mnyama, Baba akafanya vibarua vya mashua. Baadaye akapatikana jike mdogo tukamwita Mashua, na huyu alikuwa na tabia mbaya. Ukimvua shogi lazima akutupie teke moja. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimvua, na alijifunza kurukia pembeni kabla hata buko la shogi halijagusa chini.

Likizo iliyopita, Alhamisi jioni, mdogo wangu alikuja jikoni akaniambia, "Kaka, leo Mashua hakunipiga." Mama akacheka, akasema labda ameokoka. Wahenga walisema shukrani ya punda ni mateke. Mimi nilisikia ile sentensi nikaacha chai. Nilimkuta pembeni, uso ukutani. Nilikuwa nimemwona mnyama amesimama vile mara moja tu maishani.

Moyo ulipiga mara 64. Fizi zilikuwa kavu, rangi ikachukua sekunde 3 kurudi. Ubavu wa kushoto kimya. Wa kulia, nikisikiliza sana, kitu kama tone la maji mbali. Mdogo wangu akasema tangu adhuhuri ameona vidonge vitatu tu vya mavi, vidogo, vigumu, vyenye utando. Tukapiga simu saa tatu usiku.

Ninaandika mazungumzo yale kwa sababu kila mwenye mnyama akiyajua atamsaidia daktari wake. Hakuuliza kwanza punda ana nini. Aliuliza, "Amekula lini mara ya mwisho? Amekunya lini? Anakunywa? Moyo unapiga mara ngapi?" Nilipomtajia 64 akanyamaza kidogo kisha akasema, "Vizuri umehesabu. Nitafika alfajiri, usiku huu nina mwingine. Ondoa chakula chote, acha maji. Msimwagie kitu mdomoni, hata kama mtu mkubwa atasema. Usimpe vidonge vya watu. Mtembeze kidogo, dakika 10, kama anakubali. Akitaka kulala kwa utulivu mwache alale. Hesabu kila nusu saa, uandike."

Kuhusu kutembeza, nimewaona watu wakimburuta mnyama usiku mzima wakidhani akilala tu utumbo utajisokota. Matembezi mafupi husaidia gesi kusonga na humzuia mnyama asijiumize akigaragara. Kumburuta aliyechoka, mwenye maumivu, asiyekula, ni kummalizia nguvu ambazo utumbo unazihitaji. Jambo jingine ambalo daktari alilitaja mwishoni, nikadhani ni utani, ni kwamba tumlete rafiki yake. Mashua alikuwa na rafiki, dume la jirani. Punda hushikana wawili wawili, na ukimtenga mgonjwa na mwenziwe unamwongezea dhiki, na mwenye dhiki hali chakula. Tulimwomba jirani, akamleta mwenyewe, akamfunga kando. Mashua aligeuza uso kutoka ukutani. Sikuandika kwenye daftari, lakini niliona.

Saa nne na nusu Ami alifika na chupa.

Sitaki kumchora Ami vibaya. Ni mtu aliyetoka kitandani kwake usiku kwa ajili ya mnyama wa nduguye. Nilimwambia, "Ami, niwie radhi. Daktari amesema tusimpe kitu." Akanitazama, akamtazama Baba. "Nyinyi wasomi," akasema. "Sisi tulikuwa tukiwatibu kabla hamjazaliwa." Mimi sikuwa na jibu la adabu. Ningeweza kumweleza habari ya koo la hewa na mapafu, na nilikuwa nayo yote, nimeipata alama nzuri tu kwenye mtihani. Ila aliyemmiminia Saburi ni yeye na aliyeshika kichwa ni mimi, na kulieleza lile ilikuwa ni kulitamka hili. Baba ndiye aliyeinuka. Akaichukua ile chupa mkononi mwa nduguye taratibu, akaiweka juu ya ukuta, akasema, "Keti, tumkeshee." Ami akaketi. Alikesha mpaka asubuhi, na ndiye aliyemtembeza zamu tatu kwa sababu miguu yangu ilikuwa imekufa ganzi.

Daftari la usiku ule ninalo hapa kampasini. 64, 64, 60, 68. Saa nane 72, na mwandiko wangu hausomeki. Saa kumi 68.

Daktari alikuja kwa pikipiki baada ya sala ya alfajiri. Alivaa glavu ndefu hadi begani, akaingiza mkono nyuma, akapapasa, akasema kimekwama palepale konani. Mashua alidungwa sindano ya maumivu kwenye mshipa wa shingo, na baada ya robo saa masikio yakaanza kutafuta sauti. Mpira ukapitishwa puani. Daktari akapuliza, akasikiliza, akavuta, akaridhika, ndipo yakaanza kuingia maji ya uvuguvugu yenye chumvi za kurudisha nguvu, kisha mafuta. Ndoo nzima. Nikafikiri juu ya ile chupa ya soda pale ukutani, ilivyokuwa ndogo.

Nilimuuliza itakuwaje kama haitafunguka. Alinijibu bila kuzunguka. Farasi wa mashindano huko Ulaya angepelekwa kwenye chumba cha upasuaji, akalazwa chali na kufunguliwa tumbo. Hapa Matondoni tuna mpira, sindano na siku mbili. Zikiisha na moyo ukipanda, angetuambia, na tungekubali.

Alirudi jioni akarudia maji. Jumamosi kabla ya adhuhuri, mdogo wangu alipiga yowe ambalo majirani walidhani ni msiba. Mashua amekunya. Tulilichambua lile fungu kwa kijiti kama watafuta dhahabu, na ndani yake palikuwa na majani makavu yasiyotafunwa, mafundo mawili ya uzi wa jarife, na utepe wa gunia la nailoni mrefu kama kiganja.

Watu wengi hudhani hapo ndipo ugonjwa unapoisha. Kwa punda kuna hatari nyingine nyuma yake, na hii kitabu changu cha chuo kimeipa mistari miwili tu. Punda asipokula kwa siku mbili tatu, mwili huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa ili upate nguvu. Kwa wanyama wengi hilo si neno. Kwa punda mafuta hufurika kwenye damu kuliko ini linavyoweza kuyapokea, hamu ya chakula hupotea zaidi, mafuta mengine yakayeyushwa, na duara hilo huua mnyama ambaye tumbo lake limeshapona. Walio wanene na majike wenye mimba au wanaonyonyesha ndio walio hatarini zaidi. Damu ya mgonjwa kama huyo ikichotwa na kuachwa itulie, maji yake ya juu huwa meupe kama yametiwa maziwa. Daktari alichota ya Mashua akaisimamisha kwenye kichupa juu ya ukuta, kando ya chupa ya Ami, tukakaa tukiitazama. Ilibaki safi.

Hata hivyo tulihimiza ale. Kidogo kidogo, majani mabichi yaliyolowekwa, maganda ya ndizi machache, si pumba wala mahindi kwa kuwa tumbo lililotoka kwenye kuziba halitaki karamu. Kazi hakufanya kwa wiki tatu. Baba aliazima punda wa jirani kwa kugawana malipo, na mimi nilirudi chuoni na karo nusu. Sina haja ya kueleza jinsi mtu anavyoomba ofisi ya fedha impe muda, mnajua.

Sasa yale meno. Alipokuwa akifunga vifaa vyake Jumamosi, daktari alirudi kwa Mashua akaingiza kidole pembeni mwa mdomo, akakitoa kina damu. Meno ya punda huendelea kuota karibu maisha yake yote, na husagika kwa kutafuna. Yasiposagika sawa huacha ncha kali upande wa shavu. Mashua alikuwa na kidonda kila upande, kwa hiyo alikuwa akimeza majani marefu bila kutafuna, na majani yasiyotafunwa ndiyo yaliyojifunga na ule uzi. Nilikuwa nimehesabu moyo, nimetazama fizi, nimesikiliza ubavu. Fizi nilizitazama mara kumi na mbili usiku ule, na meno yalikuwa hapohapo, mbele ya pua yangu.

Meno yanachongwa mara moja kwa mwaka, si ya kungoja uone dalili. Miadi ya Mashua ni mwezi ujao, mjini, mwendo wa saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, siku nzima bila mzigo. Baba ameuliza nani atalipa siku hiyo. Nimemwambia nitatuma nikipata. Mdogo wangu anaandika moyo kila Ijumaa kwenye daftari la hesabu, na jana amenitumia ujumbe kwa simu ya Mama: 44, amekunya, amenipiga.